Dhahabu ya Kumulika Saratani

Benchi lilikuwa mbele ya karakana ya kuchomelea, na mwenye karakana, ambaye wote walimwita Cheche, ndiye aliyeliunda kwa mabaki ya mageti. Asubuhi hiyo hakutaka hata kusalimiwa. Mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, alikuwa ameenda hospitali kuanza matibabu ya saratani ya titi, na yeye geti la mteja lilikuwa limemfunga pale. Kahawa ilimpoea mkononi huku akimsikiliza Spika.

Spika, fundi redio, alikuwa ameinasa habari kwenye kipindi cha sayansi. Wataalamu, alisema, wanatengeneza punje za dhahabu ambazo jicho haliwezi kuziona. Kila punje wanaibandika vijiuzi vya vinasaba vinavyoitwa aptama. Kijiuzi kinajikunja kwa namna yake mpaka kinashikana na seli ya saratani kama ufunguo na kitasa chake. Seli zenye afya kinazipita tu. Ukimulika kwa hadubini, zile zenye ugonjwa zinang'aa.

Bwana Kesho, fundi cherehani ambaye nguo yako huwa tayari kesho, akaguna. Dhahabu mwilini mwa mtu? Basi makaburi yatafukuliwa.

— Punje zenyewe hazijazi hata ukucha, Spika akamwambia.

— Za mmoja. Za makaburi mia je?

Spika, ambaye hakuwa mtu wa kupitwa kwa maneno, naye akaongeza chumvi: ndiyo maana wenye pete nene hawaugui. Bwana Kesho akadai wagonjwa watapimwa uzito wakiingia na wakitoka, kama kwa sonara. Wakacheka mpaka benchi likatikisika.

— Mnacheka nini? Cheche aliuliza taratibu, na wote wakajua amekasirika. — Mdogo wangu yuko huko sasa hivi.

Alikuwa ameshawaka. Kumbe taa ya kuonyesha ugonjwa ipo, na wanaificha. Wamewawekea wakubwa na wake zao, wengine wanapewa vidonge vya maumivu. Spika akajaribu kumweleza kwamba bado kazi iko maabara, wanajaribu kwenye seli zilizo kwenye vibakuli vya kioo. Cheche akasema kila kizuri kiko maabara, na kaburi ndilo pekee lililo tayari.

Mdogo wake akatokea kwenye kona ya duka la mbao. Alikuwa amewahi mno kurudi. Akaketi mwisho wa benchi, bahasha ya picha za hospitali mapajani, akasema daktari kasafiri, naye kaambiwa arudi mwezi ujao.

Spika, kwa kutaka kumtia moyo, akamsimulia upya habari za punje za dhahabu, safari hii bila makaburi. Yule mama akasikiliza hadi mwisho.

— Kwa hiyo wataiona mapema?

— Mapema kabisa, dada. Kabla hata haijawa uvimbe.

— Yangu niliwaonyesha mwenyewe. Ilikuwa kama punje ya harage. Nilimshika nesi mkono nikamwekea hapa. Akasema ni maziwa yameganda, nikakande na maji ya moto. Niliporudi, mwingine akasema hivyo hivyo.

Hakulia. Sauti yake ilikuwa kavu.

— Sasa wakishaiona na hiyo dhahabu yao, watafanya nini?

Cheche aliinuka. Akavua aproni, akazima mashine, akaliacha geti la watu limelala chini, nusu halijaungwa.

— Twende turudi.

— Kufanya nini, kaka?

— Kukaa. Hatutoki mpaka atokee mtu.

Wakaenda wote wanne. Nesi alipowaambia tena kwamba daktari yuko safarini, Cheche hakubishana. Aliketi sakafuni mbele ya chumba cha daktari, mdogo wake pembeni, wale wawili wakasimama ukutani. Wagonjwa wengine walioambiwa warudi nyumbani wakaona, wakaja kuketi nao mmoja mmoja, mpaka ukumbi ukakosa njia.

Mchana, mlango wa daktari aliyesafiri ukafunguliwa kutoka ndani.