Mwalimu wa Sahani Moja

Ndani ya gari la abiria, Probox ya kutoka Chwele kwenda Kitale, mwalimu kijana anayeitwa Kizito alikuwa akimsimulia jirani yake wa kiti, Mama Phelista muuza vitunguu, taabu zake za kuishi peke yake.

"Kwangu kuna sahani moja tu, mama. Nilisema, mtu mmoja, ya pili ni ya nini? Sasa Jumapili Jentrix wa kwaya akanitembelea. Nikampakulia ugali na kuku, nikamwambia mimi nimefunga."

"Ati umefunga? Na njaa?"

"Njaa mbaya! Akafurahi, akaambia kwaya yote. Sasa wanataka niongoze maombi ya kufunga siku tatu."

Mama alicheka hadi akafuta machozi. Mimi, abiria wa kiti cha nyuma yao, nilitazama nje, kwa maana mimi hula kwenye sufuria.

"Unampenda?"

"Sana, mama."

"Basi mwambie ukweli, halafu ununue sahani sita."

"Sita za nini? Nitaongeza moja."

"Na watoto je?"

"Watoto gani, bana? Hata kwangu hajarudi tena!"

Gari likasimama Kitale. Kizito alishuka haraka, Mama Phelista akatoa kichwa dirishani: "Basi nne, mwalimu! Nimekupunguzia!"