Oom Barend Anakiaga Kiti, Mpwa Anakipokea

Ijumaa hii Mheshimiwa Barend Stoffberg, Oom Barend kwetu sote, yaani Mjomba Barend, anastaafu baada ya kulitumikia Bunge la Koloni la Rasi ya Tumaini Jema kwa miaka thelathini na mmoja. Wafanyakazi wenzangu wameniomba mimi, Gamiet Samsodien, msimamizi wa chumba cha kahawa, niandike wasifu wake. Nimekubali kwa furaha, ingawa furaha yenyewe naionja kwa ncha ya ulimi.

Alifika akiwa mkulima wa ngano kutoka Malmesbury, siku ambazo Kiholanzi kilikuwa hakiruhusiwi ukumbini. Mwaka mzima hakufungua kinywa. Waingereza wakamdhania hajui lugha yao, wakawa wanapanga mambo yao mbele yake huku wakimpitishia sukari. Alipoanza kusema, alisema Kiingereza cha kuwashinda, na siri zao zote anazo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mafanikio yake ni mengi. Reli imefika wilayani kwake, na ikapinda kidogo ili ipite karibu na ghala lake. Kodi ya mvinyo aliiangusha mara mbili. Hakuwahi kunifokea, na kila Idi aliniletea kondoo. Nilimla kila mwaka nikijiuliza huyu mzee anataka nini kwangu.

Kuliko yote, anasifiwa kwa kushika neno. Bungeni ipo desturi: mbunge wa upande mmoja akiugua, mmoja wa upande wa pili naye hukubali kutopiga kura, mizani isielemee. Hawaandikishani, hupeana mkono tu. Mwezi uliopita Bwana Penfold wa Grahamstown, anayepinga muswada ambao Oom anauunga mkono, wa kupandisha thamani ya nyumba ambayo mtu lazima awe nayo ndipo apige kura, alishikwa na homa ya mapafu. Oom akamfuata mezani kwangu.

"Nenda ukalale, Penfold. Usipopiga wewe, nami sipigi."

"Hata muswada ukichelewa?"

"Maadamu nakalia kiti hiki, ndugu yangu."

Penfold alilengwa na machozi. Mimi nilikuwa namimina kahawa, nikaimwaga. Muswada ule ukipita, nyumba zetu za pale mlimani hazitafikia kiwango, na mimi na wapishi wote hatutapiga kura tena. Pande mbili zimekaribiana mno. Kura moja inatosha kutuzika.

Wiki mbili baadaye Oom akatangaza kustaafu. Kwa heshima yake, kura ya muswada ikaahirishwa hadi mwezi ujao. Kiti kinakwenda kwa mpwa wake Gideon, bila mpinzani, na Gideon hakumpa mkono mtu yeyote. Jumatatu wabunge wa pande zote walisimama mmoja mmoja kumsifu Oom, wengine wakalia. Nilipompelekea kikombe, nilimwuliza kama Bwana Penfold ana habari.

"Gamiet, mgonjwa hasumbuliwi," akasema, akinipigapiga begani.

Niliogopa, sifichi. Lakini kusomewa sifa za rafiki hakujaua mtu, kwa hiyo Jumanne rasimu ya wasifu huu ilipanda treni kwenda Grahamstown.

Asante, Oom, kwa utumishi wako. Shamba likupokee vyema, magoti yapone, na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Bwana Penfold naye anakusalimu, kwa simu ya maandishi iliyofika asubuhi hii: daktari amemkataza kusafiri, lakini siku ya kura atakuwepo.