Mwalimu Modesta Aliyetufundisha Jinsi Nchi Zinavyodaiana

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu. Aliye shambani apumzishe jembe kidogo. Aliye jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka Mwalimu Modesta Nchagwa. Alizaliwa Kisaka, wilaya ya Serengeti. Aliolewa Nyamwaga, wilaya ya Tarime. Ametutoka akiwa na miaka sitini na mmoja, na Jumamosi iliyopita amezikwa pale Nyamwaga, pembeni ya migomba yake.

Mwalimu Modesta alifundisha maarifa ya jamii kwa miaka thelathini. Waliopita mikononi mwake wanajua hakupenda mtu ajibu kwa kubahatisha. Lakini leo tunamkumbuka kwa jambo moja zaidi. Alitufundisha jinsi nchi zinavyodaiana.

Jambo hilo lilianzia kwenye kikao cha wazazi, miaka mitatu iliyopita. Mama mmoja muuza ndizi, anaitwa Rhobi, alisimama huku amekunja uso.

"Shikamoo mwalimu. Nimesikia kwenye taarifa ya habari kwamba kila Mtanzania anadaiwa. Mimi nimekopa lini? Nani alinishika mkono nikaweka dole gumba?"

Wazazi walicheka. Mwalimu Modesta hakucheka. Alimwambia, "Mama Rhobi, hilo sijui. Nipe muda."

Binti yake, Precious, anasema mama yake alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amenyong'onyea. "Alisema, miaka yote nasimama mbele ya watu na chaki mkononi, kumbe kitu kinachotuhusu wote sikijui."

Basi akaanza kutafuta. Alimpigia simu Sadock, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa anafundisha uchumi chuoni Mwanza. Sadock alimtumia makaratasi kwa basi, na mwalimu akayasoma akiwa na kalamu nyekundu, kama anasahihisha mitihani.

Sasa sikilizeni, wasikilizaji wapendwa, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka.

Wiki zile zile, kule Kisaka, ulizuka uvumi. Mnunuzi mmoja wa ng'ombe, mgeni asiyejulikana atokako, alipita boma kwa boma. Alisema nchi imeshindwa kulipa deni. Alisema wenye fedha zao wanakuja kutoka nje kuhesabu ng'ombe na kuwachukua. "Bora uniuzie mimi leo," alisema, "kuliko kunyang'anywa kesho." Ng'ombe wa laki nane alimnunua kwa laki tatu na nusu. Na watu waliuza.

Mwalimu Modesta alikuwa na kaka yake huko Kisaka, Mzee Mwikwabe. Mzee Mwikwabe alikuwa na ng'ombe kumi na wanne. Akampigia dada yake simu.

"Modesta, wewe ndiye msomi wetu. Haya maneno ni kweli?"

Mwalimu akajibu, "Sidhani, kaka. Ila ngoja nihakikishe kwanza."

Mzee Mwikwabe alingoja siku nane. Simu haikuja. Siku ya tisa aliuza ng'ombe tisa.

Precious anasema mama yake alipopata habari hiyo alikaa kwenye kigoda, chai ikapoa mbele yake. Kesho yake asubuhi alipanda bodaboda kutoka Nyamwaga mpaka Kisaka, makaratasi yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alikuta mkutano wa kijiji umeanza. Akaomba kusema.

Alisema hivi. Nchi hukopa kwa nchi nyingine. Hukopa pia kwenye benki kubwa za dunia. Hukopa hata kwa wananchi wake wenyewe, wale wanaonunua hati fungani za serikali. Na nchi inaweza kudaiwa huku na yenyewe ikawa inadai kule.

"Tunajua kudaiana sisi," aliwaambia. "Mahari haiishi siku moja. Ukoo huu unaudai ukoo ule ng'ombe wawili, miaka inapita, watoto wanazaliwa, na bado mnasalimiana kama wakwe. Nchi nazo ziko hivyo. Zinadaiana na bado zinauziana mahindi. Tofauti ni kwamba mkwe anaweza kukuonea huruma. Mkopo wa nchi una riba, na una tarehe."

Kijana mmoja akapaza sauti, "Mama, umetumwa na serikali uje kututuliza!"

"Sijatumwa, na sikuja kuwatuliza," akajibu. "Anayedaiwa ni serikali, kwa mkataba. Hakuna mdai wa nje atakayekuja kwenye zizi lako. Lakini nisiwadanganye. Tunalipa. Tunalipa kwenye kodi, ukinunua sukari, ukijaza petroli kwenye pikipiki. Deni la dola linalipwa kwa dola, na dola tunazipata kwa dhahabu inayochimbwa hapa kwetu, kwa pamba, kwa wageni wanaokuja kuona wanyama. Shilingi ikishuka, deni lile lile linakuwa zito. Kwa hiyo msiulize nani anakuja kuchukua ng'ombe. Ulizeni fedha tuliyokopa imejenga nini."

Ndipo Mzee Mwikwabe akasimama.

"Modesta. Nilikupigia. Haya yote ulikuwa nayo?"

Mwalimu alikuwa nayo. Si yote, ila ya kutosha. Aliyashikilia kwa sababu aliogopa kukosea. Angeweza kusema mtandao ulisumbua. Badala yake alisema mbele ya kijiji kizima, "Nilikuwa nayo, kaka. Nilichelewa. Nisamehe."

Mzee Mwikwabe alichukua fimbo yake akaondoka.

Kwenye mnada uliofuata, mnunuzi yule hakupata hata ndama kwa bei yake. Akatoweka. Ng'ombe waliobaki Kisaka walipona. Wale tisa wa Mzee Mwikwabe hawakurudi. Na kwa mwaka mzima na zaidi, kaka na dada hawakusemezana.

Mwalimu Modesta hakukaa kimya tena. Kila Alhamisi, baada ya gulio, alikaa na kina mama wa Nyamwaga wakasoma habari za bajeti, mstari kwa mstari. Jambo akilijua nusu, alisema nusu, na akasema wazi kwamba ni nusu. Rhobi hakukosa. Siku moja kwenye mkutano wa kata, Rhobi alisimama akauliza mkopo wa barabara utalipwa kwa miaka mingapi, na riba yake ni kiasi gani. Safari hii hakuna aliyecheka. Walitafuta jibu.

Mwaka jana figo za mwalimu zilianza kushindwa kufanya kazi. Mzee Mwikwabe akasikia. Akaja Nyamwaga na kibuyu cha maziwa. Tulizungumza naye wiki hii, naye alituambia:

"Nilikaa karibu yake. Nikamwambia, dada, mwaka mzima nimekudai samahani ambayo ulishanipa siku ile ile. Akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia, basi mimi na wewe hatudaiani."

Mwezi Juni mwaka huu alikuwa amelazwa hospitali. Bajeti ilikuwa inasomwa. Aliomba waongeze sauti ya redio. Muuguzi alikuja kubadilisha dripu, na mwalimu akamuuliza, "Mwanangu, umesikia ni kiasi gani kinakwenda kulipa madeni?" Muuguzi akasema hapana, hayo mambo haelewi. Mwalimu akaanza kumweleza, taratibu, anapumzika kila baada ya maneno machache. Precious alikuwepo. Anasema muuguzi yule alibaki amesimama na chupa mkononi mpaka mwalimu alipomaliza, halafu akavuta kiti akauliza swali. Siku nne baadaye Mwalimu Modesta alifariki.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Precious. Tunampa pole Mzee Mwikwabe. Tunawapa pole ukoo wa Kisaka, majirani wa Nyamwaga, na wote waliofundishwa na mwalimu huyu. Mungu awatie nguvu.

Nasi tutafakari. Tukisikia deni la taifa limepanda, tujiulize tumekopa kwa nani, kwa riba gani, na tumejenga nini. Na wewe unayenisikiliza sasa hivi, kama kuna ndugu amekuuliza jambo na anakungoja, mpigie leo. Mpe hilo unalolijua.