Mama Mkasi, Aliyetupunguzia Nguo Sote

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mkasi, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, ile iliyopakana na kiwanda cha mbao. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza ni mimi. Wazazi walipoona wamepata mtoto aliyekamilika, tamaa ikawashika wakajaribu tena, na matokeo yake ndiyo haya ninayowasomea leo. Watoto wake wameniomba niandike mimi kwa sababu ndiye niliyemvumilia kwa muda mrefu kuliko wote, na pia kwa sababu ukoo huu hauna mtu mwingine anayejua kupanga maneno. Nitasema kweli tupu. Atakayenuna, anune akiwa amekaa.

Tulilelewa kwenye matandiko ya kushona nyumbani. Magodoro yetu mama aliyajaza maganda makavu ya mahindi, kwa hiyo ukijigeuza tu kitandani, nyumba nzima inajua. Mito ilikuwa ya sufi. Mablanketi yalikuwa ya vipande vya matambara, chochote kilichochoka: magunia laini, mapazia, hata mwavuli uliokufa. Mama alikuwa na akili timamu, akishona kwa nguo zilizokwisha kazi. Dada hakurithi akili hiyo. Siku moja, akiwa hajaanza shule, alishikwa na homa akawa anatetemeka chini ya mablanketi yote ya nyumba. Baba akarudi kutoka kiwandani, akavua shati lake lililojaa unga wa mbao, akamfunika nalo juu ya yote. Mtoto akatulia, akalala. Asubuhi baba anavaa shati aende kazini, anahisi upepo mgongoni. Mkia wa shati haupo.

"Mama yao," baba akasema, "humu ndani kaingia panya anayetumia mkasi?"

Mgonjwa akajibu kutoka kitandani, homa imekwisha, "Baba, kwa nyuma si unachomekea? Nani atakuona?"

Kipande kilikuwa chini ya mto wake, na tangu siku hiyo akawa na elimu yake ambayo hakuna aliyeweza kuitoa kichwani mwake, wala kwa upole wala kwa fimbo. Alisema nguo iliyotupwa imeshapoa, ukiitia kwenye blanketi utakuwa unajifunika baridi. Kitambaa cha blanketi lazima kitoke kwenye nguo ambayo mwenyewe bado anaivaa. Sasa na mwenye kuivaa akikataa? Hilo halikumsumbua, kwa sababu hakuwa na desturi ya kuuliza. Alikuwa anakata pale pasipoonekana: mkia wa shati, pindo la ndani, kitambaa cha mfuko, bitana ya koti. Ndugu zangu, mimi katika ujana wangu nilikuwa ndiye kijana anayevaa vizuri kuliko wote mtaani, waulizeni wazee waliobaki. Lakini sikuwahi hata mara moja kucheza dansi bila kuchomekea, na sababu yake amelala hapa mbele yetu.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 akamaliza darasa la nane mwaka 1966. Mimi niliishia la sita kwa hiari yangu, walimu walikuwa wameishiwa cha kunifundisha. Yeye alipenda hesabu na alikuwa na mwandiko mzuri. Alisimamishwa masomo mara moja tu, baada ya mwalimu mkuu kuning'iniza koti lake kwenye kiti, akatoka kidogo, akarudi, na kukuta limepungua. Mama alipoitwa shuleni alisema, "Mwalimu, nisamehe, nyumbani tumeshazoea kuvaa makoti ndani ya nyumba hata wakati wa joto." Mwalimu yule alihama baadaye. Kipande chake kipo, cha kijivu, kona ya chini kwenye blanketi kubwa. Ndiyo, na blanketi hilo nitalifikia, msiwe na haraka.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika chumba cha kufulia na kushona cha hospitali, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2006. Kazi yake ilikuwa kutia viraka mashuka, kukunja pindo za mapazia na kushona foronya. Wakubwa wake walimsifu sana. Hili mimi sikulielewa kamwe: mwanamke anayeshona mashuka ya watu baki usiku na mchana hata uzi haupotei, akifika nyumbani anageuka jambazi. Nilimuuliza. Akaniambia, "Kaka, mgonjwa analalia shuka siku mbili anakwenda zake. Nyinyi ndio nitakaokaa nao." Jibu gani hilo? Na wakati ananijibu mkono wake ulikuwa tayari uko kwenye koti langu.

Tarehe 18 Agosti 1973 alifunga ndoa na shemeji yangu marehemu, mpeleka barua, mtu mpole, mwembamba, mwenye subira ya punda. Nilimwonya. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikamgeuzia shati langu nyuma, nikamwonyesha. Akacheka. Hakucheka muda mrefu. Baada ya mwezi alikuwa anatembea mtaani na begi la barua huku funguo na sarafu zinamdondoka kwenye suruali, watoto wanamfuata nyuma kama kuku.

"Mama watoto, mfuko wangu una nini?"

"Hauna kitu, baba."

"Najua hauna kitu! Nakuuliza mfuko wenyewe uko wapi?"

"Uko mahali salama. Unatulinda."

Waliishi pamoja miaka thelathini na saba, mpaka shemeji alipotangulia mwaka 2010. Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza ni binti yetu tunayemwita Mkubwa, aliyezaliwa 1975. Akafuata fundi wa friji, kisha mwalimu. Kila mmoja dada alimshonea blanketi lake la vipande. Lakini lilikuwapo moja kubwa kuliko yote, lililokaa kwenye kochi la sebuleni, ambalo kila mtu wa familia alikuwa na kipande chake: baba, mama, mimi (vipande vitano, mniheshimu), shemeji, wajukuu kila walipozaliwa. Mtu akiumwa analetewa hilo. Mtoto akifukuzwa kazi analetewa hilo. Na katikati yake kabisa palikuwa na nafasi moja tupu, dirisha, mkono unapita. Wageni wengi walidhani ni panya. Leo niwaeleze.

Mkubwa aliolewa tarehe 22 Septemba 2001. Gauni lake jeupe lilishonwa na fundi wa mjini, likatundikwa kabatini, kabati likafungwa, ufunguo nikapewa mimi. Mimi mwenyewe! Dada akafungua bawaba za nyuma kwa bisibisi ya mwanawe. Akakata kitambaa cha ndani, chini kabisa, pasipoonekana kama kawaida yake, ila safari hiyo mkono ulivuka mpaka. Bibi harusi anaingia ukumbini, bitana inaning'inia, anaikanyaga, anaangukia magoti mbele ya wakwe zake wote na mpiga picha wao.

Mkubwa alinyanyuka, akamaliza sherehe, tena akacheka na watu. Jioni akaja nyumbani na gauni lake, akafungua kapu la kushonea, akakitoa kile kipande cheupe, akakitia jikoni kwenye moto.

"Mama, hata leo?"

"Leo ndiyo hasa, mwanangu. Siku kama hii nikose kuwa nayo?"

"Hutakuwa nayo. Na changu kingine hutakata mpaka ufe."

Tangu hapo Mkubwa akawa anakuja kwa mama yake misibani na harusini tu. Anakaa pembeni ya kiti, mkoba mapajani, koti halivui, chumba cha kulala haingii. Dada naye, mtu ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitambaa duniani, akaweka ukaidi wake mpya. Alisema cha Mkubwa hatakata tena. Atapewa. Tulimsihi azibe ile nafasi ya katikati aliyokuwa amekiwekea kile kipande cheupe. Mimi nilimpa mkono mzima wa shati, shati jipya. Alinitazama kama nimemtukana. "Nitie cha kwako mahali pa mwanangu? Acha pavuje." Miaka ishirini na kitu pakavuja. Watu wawili, nyumba mbili, safari ya basi ya saa moja, kila mmoja anamngoja mwenzake, na mimi katikati natumwa salamu kama shemeji na begi lake. Nimechoka nao mpaka leo, nasema wazi.

Mwaka jana miguu ya dada ilianza kuvimba, na madaktari wakasema ni figo. Tarehe 29 Aprili mwaka huu wa 2024 alilazwa hospitali ileile aliyoifanyia kazi. Jambo la kwanza alilofanya ni kugeuza ncha ya shuka, akaitazama, akauliza, "Hili kalishona nani, kuku?" Nikajua bado yupo. Lakini daktari alituita pembeni akatuambia tuitane. Tukaitana. Mkubwa akaja siku ya tatu, na kwenye mfuko ana gauni jipya la rangi ya manjano, zuri, la bei. Akaliweka kitandani.

"Mama, chukua. Kata unapotaka. Kata hata mbele."

Ndugu zangu, mimi nilishaanza kutafuta leso. Dada akalipapasa lile gauni, akalinusa, akakuta lebo inaning'inia kwapani.

"La nani hili?"

"Langu, mama."

"Mbona halikujui? Hili bado la duka. Livae kwanza."

Mkubwa akatoka nje ya wodi akapiga ukuta kwa kiganja. "Mjomba, umemsikia? Miaka yote ananingoja na kipande chake. Nimejishusha, nimeleta gauni zima, analirudisha kama samaki aliyeoza!"

Nikamwambia, "Mwanangu, wewe na mama yako mmefinyangwa kwa udongo mmoja, na haukuchekechwa. Mimi sina la kuwasaidia. Nenda kalivae."

Akaingia chooni, akatoka amelivaa, lebo ameikata kwa meno kwa hasira. Na hakulivua. Kila siku alikuja nalo. Alilifua jioni akalivaa hata halijakauka vizuri. Alimnywesha mama yake supu akiwa nalo, supu ikamwagikia. Dawa ikamwagikia. Alilala nalo kwenye kiti cha plastiki, likakunjika kama karatasi ya vitumbua. Mama hakusema neno juu yake. Walizungumza bei ya sukari, wakagombana juu ya dirisha lifungwe au lifunguliwe. Jumatano tarehe 15 Mei mchana, dada akanyoosha mkono akashika pindo la lile gauni, akalisugua kwa vidole.

"Sasa lina mtu ndani," akasema. "Leteni mkasi."

Nesi akaja. "Bibi, mkasi hauruhusiwi kwa wagonjwa."

"Nimeshona mashuka ya humu kabla mama yako hajaolewa!"

"Ndiyo, bibi. Na sheria ilikuwapo."

Nikasimama nimweleze nesi mimi ni nani, lakini sikufika mbali. Mkubwa alikuwa ameinama, pindo mdomoni. Akauma, akashika kwa mikono miwili, akachana. Wodi nzima ilisikia. Akamwekea mama yake kipande kiganjani.

Dada akakiinua kwenye mwanga, akakizungusha huku na huku.

"Umekichana mshazari," akasema. "Kitavutika."

Mkubwa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na nesi akarudi kutunyamazisha. Dada alifumba macho, kipande kifuani, uso wa mtu aliyeudhika na kazi mbaya. Hakusema tena neno la maana. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 16 Mei 2024, saa nne asubuhi, watoto wake wote watatu wakiwapo.

Kamati ya mazishi ilipendekeza jeneza lifunikwe lile blanketi kubwa, kisha literemke nalo. Mnaona halipo. Mkubwa alikataa, akasema mama asingekubali blanketi zima likamfunike asiyesikia baridi. Juzi alikaa sebuleni akashona kile kipande cha manjano katikati, kwa mkono wake, na Mkubwa, niseme bila kumkosea heshima, hajui kushona. Kimevutika kweli. Kimevuta na majirani zake, cha baba kimekunjamana, changu kimoja kimelala upande. Mkwe wetu, mke wa fundi wa friji, ambaye mkono wake ni mzuri, akamwambia kwa upole, "Wifi, nipe nifumue nikinyooshe, ni kazi ya dakika tu."

Mkubwa akakumbatia blanketi. "Kiacheni. Akiona kimepinda, aje akinyooshe mwenyewe."

Akatazama mlangoni. Na sisi wote, watu wazima na akili zetu, tukatazama mlangoni.

Marehemu ameacha kaka mmoja, ambaye hana mfano. Watoto watatu, wakwe watatu na wajukuu saba. Pamoja na majirani na wafanyakazi wenzake wa zamani ambao wengine ndiyo kwanza leo wamejua mapindo yao yalikwenda wapi.

Lala, dada. Sisi huku tutajifunika.