Dola Mia na Ishirini za Kutolima

— Dola mia na ishirini, Fuadi! Na umelima!

— Nimelima, nimevuna, na simu imelia: pesa zimeingia. Sasa wataka niyatapike mahindi?

Huyo wa kwanza ni mimi. Kelele zangu zilifika hadi jikoni kwa Arafa, anayetuuzia kahawa hapa kisiwani Koyama, karibu na mpaka wa Kenya, kwenye gogo la mbele ya duka lake. Shule sikwenda, kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa makaratasi ya kufungia sukari, lakini jambo lililopinda nalijua. Serikali ilisema: mwenye shamba ng'ambo, bara, akiliacha msimu mzima bila kulima ili udongo upumzike na miti irudi, atalipwa dola mia na ishirini. Mwanaharusi, mjane, akaacha. Fuadi, jirani yake wa shamba, hakuacha. Mkaguzi akaja, akapiga picha. Fuadi kalipwa. Mwanaharusi, hata senti.

Shuaibu akakohoa. Tunamwita Wakili kwa kuwa aliwahi kulala mahabusu Kismayu siku mbili.

— Sheria iko wazi, nduu yangu. Mkaguzi alitafuta mashamba. Kwa Fuadi kaona mahindi, kaandika shamba. Kwa Mwanaharusi kaona pori, kaandika pori. Pori halilipwi.

— Limekuwa pori kwa sababu amelipumzisha!

— Ndiyo. Kalipumzisha kupita kiasi.

— Wallahi, Wakili, nitakumwagia kahawa hii.

— Usiimwage, ni ya mwisho, akasema Fuadi. Sikilizeni. Hawa wa serikali hawataki shamba wala pori. Wananunua hewa. Mti ukipumua, kuna mashine huko juu inapima.

— Basi pori la Mwanaharusi limepumua kuliko mahindi yako!

Fuadi akafikiri.

— Huenda limepumulia upande wa Kenya.

Wakili akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia hukumu ya haki. Mimi nikamgeukia Taha. Ndiye aliyeandikisha majina ya watu wa mradi huo wa serikali, na kofia ya mradi bado anayo kichwani.

— Taha, sema wewe.

— Mimi niliandika tu.

Hapo Mwanaharusi akatokea na jembe begani. Hakukaa. Hakusalimu kwa mkono.

— Asalam aleikum. Nina swali moja. Mbegu ninayo, mvua imekaribia, mashua ya ng'ambo inaondoka sasa hivi. Nilime au nisilime?

— Lima, akasema Wakili. Waone shamba.

— Akilima kavunja mkataba, akasema Fuadi.

— Wewe si umevunja? nikadakia.

— Mimi sikuonekana nikivunja.

— Mama Mwanaharusi, akasema Taha, lima kidogo.

— Kidogo kiasi gani?

Taha akamtazama Wakili. Wakili akatazama kikombe. Fuadi akawa anatafuta kitu kwenye simu yake, na simu ilikuwa imezimika. Nami, mwenye mdomo wote huu, nikaipuliza kahawa iliyopoa zamani.

Mwanaharusi akateremsha jembe, akalilaza juu ya gogo, baina ya Taha na mimi.

— Kidole changu ulikichovya wino wewe, Taha. Ukanambia nisilime, sikulima. Msimu mzima wanangu wamekula unga wa kukopa. Hayo ya hewa siyajui. Nipe dola zangu mia na ishirini.