Maisha ya Ngazi, Pamoja na Miaka Ile

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili na wa mwisho wa mwashi na fundi cherehani. Mkunga alimnyoosha miguu akacheka: "Mama, huyu suruali zake utazirefusha mpaka uchoke." Alipofika miaka kumi na mitatu alikuwa akibadilisha balbu za majirani bila kupanda kiti. Mtaa ukambatiza Ngazi, na jina likamganda.

Mwaka 1999 aliingia chuo cha ualimu kwa ufadhili wa mpira wa kikapu. Jamani, kijana alicheza! Alipokea mpira, akatulia utadhani ana siku nzima, halafu akafunga. Chuo kilichukua ubingwa mara mbili. Mama hakuelewa hata sheria moja ya mchezo ule, ila alihudhuria kila fainali na kumzomea mwamuzi. Mwaka 2001 marehemu aliumia goti, ufadhili ukakatwa, masomo yakaishia hapo.

Hapa baba mdogo alitaka iandikwe: "Kisha alijishughulisha na biashara binafsi." Dada wa marehemu, anayesoma wasifu huu, alikataa katakata.

"Ya nyumbani husitiriwa, mwanangu," baba mdogo alisema.

"Yamesitiriwa wapi, baba? Mtaa mzima unayajua. Na binti yake aje kuambiwa na nani, na wambea?"

Mama akasema, "Soma yote."

Basi yote ni haya. Mwaka 2003 marehemu alianza kuiba magari na kuvunja maduka pamoja na wenzake. Mwaka 2006 alimpiga mlinzi wa duka la jumla kwa nondo, akamvunja mguu. Alifungwa miaka tisa. Wapo wanaosema goti ndilo lililomharibu. Goti halishiki nondo. Alishika mwenyewe, na mahakamani alikiri mwenyewe.

Alikuwa amemwoa msusi mwaka 2005, na binti yao alizaliwa baba akiwa rumande. Watu walimshauri mke aolewe kwingine. Aliwajibu, "Nikichoka nitasema. Msinisaidie kuchoka." Hakusema.

Alipotoka, mwaka 2015, alimwendea yule mlinzi kumwomba radhi. Mlinzi akamjibu, "Nimekusikia. Kukusamehe, bado." Leo amekuja, amekaa kule nyuma na mkongojo wake. Hatukumuuliza kwa nini, ila tunamshukuru. Baada ya hapo marehemu aliziba pancha kando ya barabara, mkali kwa wateja, mpole kwa binti yake.

Januari 2021 aligundulika ana maradhi ya figo. Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama, mke, dada, na binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye juzi wenzake walimuuliza kama ni kweli baba yake alikuwa mwizi, akaenda kujifungia chooni alie.

Mwanangu, umesikia yote, tena mbele za watu. Wakikuuliza tena, wajibu: "Ndiyo, aliiba, akafungwa. Na ni baba yangu." Usiinamishe kichwa.

Apumzike kwa amani baba yako. Na mwenye neno la kuongeza asingoje turudi nyumbani. Aje aliseme hapa, huyu mtoto akimtazama.