Kibao cha Dokta Poni

Ukitoka stendi ya Koboko kuelekea upande wa Kuluba, kabla hujafika msikitini, kuna benchi la mbao lililokaliwa mpaka likashika umbo la makalio ya wenyewe. Madinah huuza hapo kahawa ya tangawizi, na hakuna kiumbe anayepita bila kusalimiwa na kuulizwa anatoka wapi, anaenda wapi, ni mtoto wa nani, na nyumbani hawajambo? Si umbea, ni adabu. Ukipita kimya utasemwa wiki nzima. Ng'ambo ya njia, mlango kwa benchi, ndipo Night Poni, ambaye wakaaji wa benchi walimwita Dokta, alipokodi chumba baada ya kuacha kazi Arua: chumba cha kuongea na watu wenye mizigo ya moyoni. Alifungua baada ya Idi. Tangu hapo viti vyake viwili vipya vilikuwa vikitazamana vyenyewe.

Asubuhi hiyo Poni alikaa ukingoni mwa benchi. Kibao chake cha kwanza kilikuwa na picha ya kichwa chenye ufa, na watu wakadhani ni mahali pa wendawazimu. Sasa Igga mchoraji alikuwa amekuja na ubao mtupu na makopo ya rangi. Candiru, dada yake wa Arua, alishamwambia: mwezi ukiisha bila mtu, funga urudi nyumbani. Poni aliamini kabisa kwamba kibao hiki ndicho kitakachomwokoa au kumzika.

— Wazee, nisaidieni, alisema. Nyinyi ndio najua watu ya hapa. Niweke rangi gani?

Kosa lilikuwa hilo. Kumwomba mtu wa kijiweni ushauri ni kumwonyesha mbuzi njia ya shambani.

— Njano, alisema Sajenti Loro. Hakuwahi kuwa sajenti. Aliyekuwa sajenti ni baba yake, naye akarithi cheo pamoja na koti.

— Njano iko ya chama! akaruka Aziz, waliyemwita Bibisi kwa sababu kila habari hupitia kwake kwanza. Watu nafikiri iko kampeni. Watakuja kuomba fulana.

— Basi nyekundu.

— Hiyo pia iko ya chama. Tena polisi nafika mbele ya mgonjwa.

— Nyeupe? aliuliza Igga.

— Sanda, alisema Bibisi.

Mwanamke mwenye kanga ya kijani alikuwa akija taratibu, kikapu cha karanga kichwani. Alipoukaribia mlango wa Poni akapunguza mwendo.

— Mama, habari ya asubuhi! Sajenti alipaza sauti. Natoka wapi?

— Muzuri, mzee. Kuluba.

— Na sasa naenda wapi?

Mwanamke akautazama mlango, kisha akalitazama benchi.

— Soko, alisema, na miguu ikashika kasi.

— Watu ya Kuluba iko na heshima, alisema Sajenti, ameridhika. Haya, Dokta, picha.

Poni alimwona bila kumwona. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye ubao.

— Mimi nafikiri sikio. Kazi yangu iko kusikiliza.

Kahawa ikampalia Sajenti.

— Sikio? Koboko hii? Wakati ya baba yangu, mutu ya kusikiliza alikuwa mpelelezi ya serikali, navaa miwani nyeusi! Watu nakimbia mpaka Kongo.

— Basi watu wawili wamekaa, alisema Poni.

— Hiyo iko kesi ya ndoa, alisema Bibisi.

— Mkono umeshika mkono?

— Hiyo shirika ya msaada! Kesho watu nakuja na kadi, naomba maharage. Wewe nasema tuongee, wao nasema tupime. Mwenye njaa hana miiko.

— Chora simba, alisema Sajenti. Huzuni ikiona simba natoka mbio.

— Na chini yake andika: Mgeni njoo, mwenyeji apone, aliongeza Bibisi.

— Sasa mwenyeji si iko mimi? aliuliza Poni. Mimi ndio napona?

— Ukipata wateja, hapana napona?

Hata Madinah alicheka. Poni naye alicheka, lakini maneno yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli.

— Dawa iko taa! Sajenti alikuwa amesimama sasa. Taa ya kuwaka na kuzima, na mshale mukubwa mpaka mulangoni. Na spika! Mutu akiingia tu, spika naita: karibu! Mji yote najua. Mficha uchi hazai!

— Na jioni, Bibisi akamalizia, redio nasoma majina ya watu imepona.

— Wazee, mwezi naisha, alisema Poni. Hapana mutu hata moja amekuja. Hata moja. Mimi naogopa.

Benchi lilikuwa limezoea maneno ya kila aina, ila hilo la kuogopa halikuwahi kusemwa hapo waziwazi. Igga akachochea rangi ambayo haikuhitaji kuchochewa.

Kanga ya kijani ikatokea tena, safari hii kutoka upande wa soko.

— Mama ya Kuluba! aliita Bibisi. Karanga bado imejaa? Hapana uza?

Mwanamke akateremsha kikapu. Madinah akammiminia kikombe, hakukigusa. Akawatazama mmoja mmoja, kwa heshima zote.

— Wazee, samahani. Nyinyi hapa natoka saa ngapi?

— Kutoka? alisema Sajenti.

Akamgeukia Bibisi. Bibisi akamgeukia Igga. Hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo, wala aliyewahi kuondoka kabla ya Magharibi, na hata hapo mmoja hubaki akilinda vikombe.

— Kwa nini nauliza, mama? alisema Bibisi, taratibu.

Mwanamke aliutupia jicho mlango wa Poni, mara moja tu, kisha akainama kupanga karanga zilizokwisha kupangwa.

Ndipo Poni akamtazama vizuri. Kanga ile! Aliiona jana, na siku ya soko, na kabla ya hapo, na kila mara ilisalimiwa, ikaulizwa, ikajibu soko. Alitaka kumwita, akajizuia. Kumwita pale kungekuwa ndiyo ile spika ya Sajenti.

— Mama, pumzika, alisema kwa upole. Kunywa kahawa, usiharakishe.

Kisha akasimama, akashika ncha ya benchi.

— Wazee, simameni.

— Na kibao, Dokta? aliuliza Igga, brashi ikidondosha rangi. Naandika nini?

— Wacha kibao. Mzee Loro, shika upande ile. Tunapeleka benchi nyuma ya msikiti.

Sajenti akaweka kikombe chini, akainama, akashika.